Pasi ya Mikono Mitupu

Jumanne saa tatu asubuhi, dobi waliyemwita Mstari kwa jinsi alivyonyoosha suruali alichomwa sindano tumboni. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Daktari alimweleza kwamba homoni za kiume ndizo zinazoilisha, na sindano hiyo, kila baada ya miezi mitatu, ingeikatia chakula.

"Utasikia joto kidogo," alisema, akamwita mgonjwa mwingine.

Joto lilikuja wiki ya tatu. Mstari alikuwa akitandaza shati la mwalimu mezani, akisubiri pasi ishike moto. Kiganja chake kilipopita, mikunjo ikalala na mvuke ukapanda. Akapitisha mkono wa pili, kola ikakaa sawa. Akachomoa waya wa pasi ukutani, akaiweka pasi chini ya meza. Kazi ni kazi.

Mwezi haujaisha, foleni ikafika barabarani. Jirani mmoja alileta nepi mbichi.

"Zishike kidogo tu, mzee, jua limegoma leo."

Akazishika mpaka zikakauka. Watu walivisifu viganja vyake. Hali ya mgongo hakuna aliyeiuliza.

Yale ambayo daktari hakuyasema, aliyagundua mwenyewe. Ndevu zilipungua, kifua kikavimba hadi akawa anavaa koti mchana kutwa. Hamu ya mke ilimtoka yote, wala haikuaga. Mkewe alivumilia, kisha jioni moja akauliza akiwa anamenya viazi.

"Nimekukosea nini, baba watoto?"

"Hujanikosea."

"Basi kuna mwingine."

"Mimi? Na mgongo huu?"

Mke akacheka kidogo. Hapo ndipo pa kusema. Maneno yakamfika kwenye meno, yakarudi. Wiki hiyohiyo shuka alilolalia liliungua, likabaki na umbo la mwili wake la kahawia, mabega mpaka visigino. Mkewe alilikunja vizuri, akachukua mto wake, akahamia chumba alichokiacha binti yao alipoolewa. Walikuwa wamelala kitanda kimoja miaka thelathini na mmoja.

Siku ya sindano iliyofuata, Mstari alijikaza.

"Daktari, hii dawa… kule nyumbani…"

Mlango ulikuwa wazi, na wanaume sita walikuwa kwenye benchi, wote wakitazama sakafu. Daktari alikuwa akisoma kadi.

"Vipimo vimeshuka vizuri sana, mzee. Tunaendelea hivihivi."

Mstari akashukuru, maana kweli alitaka kuishi. Akapandisha shati.

Jumamosi mkewe alisimama kwenye foleni kama wengine, na gauni la buluu mkononi; mpwa wake alikuwa anaolewa. Zamu yake ilipofika akalilaza mezani. Mstari akapitisha viganja mabegani, akashuka mgongoni, akafika kiunoni.

"Hapo taratibu," mkewe alisema. "Kitambaa chepesi."

"Najua."

Alinyoosha upindo wote, inchi kwa inchi, na ulipokwisha akaurudia. Nyuma mtu akakohoa. Mstari akalikunja gauni, akamkabidhi. Lilikuwa la moto bado, na mkewe akalikumbatia kifuani kidogo, macho chini.

"Asante, fundi," akasema, akampisha mwenye mapazia.