Vikapu Viwili vya Mtama

Kwenye makumbusho madogo yaliyo karibu na mwalo wa wavuvi, njia ya kwenda Kigongo, wageni wa asubuhi huingia na viatu vyao. Wa mchana huvivua mlangoni, kwa sababu ikifika saa nane mnyororo wa watumwa huanza kutoa maji, na Pius, mzee anayetunza nyumba ile, ana dekio moja tu.

Odeta alifika mchana, mtoto mgongoni, pamoja na Paskazia, shangazi wa mumewe. Walikuwa wametoka kliniki. Mtoto, wa kike, alikuwa na miezi mitatu na hakuwa na jina. Alikuwa akilia tangu azaliwe, ananyonya kidogo na kuacha. Kliniki walisema hana ugonjwa, ila uzito unashuka.

Nyumbani kwao Nyakato walijua kwamba mtoto anayelia hivyo anadai jina la mtu wa ukoo. Shangazi alikuwa amemtajia marehemu mmoja baada ya mwingine, akisubiri anyamaze. Alipomtaja Shimba, babu mkuu aliyewaokoa watu wake wakati wa njaa kwa vikapu viwili vya mtama, mtoto alilia mpaka majirani wakagonga ukuta.

"Wote tuliowazika nimewamaliza," alisema shangazi. "Labda huyu anataka jina la Mzungu."

Lakini walipofika mbele ya geti la makumbusho, mtoto alinyamaza. Wakapita, akalia. Wakarudi, akanyamaza. Basi wakaingia.

"Shikamoo, mzee," alisema Odeta.

"Marahaba. Viatu hapo, mama. Maji yameshaanza," akajibu Pius.

"Ya bomba?" shangazi akauliza.

"Ya ziwa. Bomba limekatika tangu juzi. Chumba cha pili ni cha kupigania uhuru, hicho kikavu."

Maji yaliwafika kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa ya vuguvugu, na dagaa walipita katikati ya vidole vyao. Mnyororo ulikuwa umetundikwa ukutani, na kando yake palikuwa na kadi: Watumwa waliovushwa ziwani. Majina hayajulikani. Chini ya kadi, kwenye benchi, aliketi msichana wa miaka kama kumi na saba, shingoni ana alama ya mnyororo.

Msichana alinyoosha mikono. Odeta alifungua kanga, akampa mtoto, kisha akapumzisha mabega. Mtoto alimtazama yule msichana usoni, akapiga mwayo.

Shangazi alimkagua msichana paji la uso, na mwanya wa meno ambao ni wa kwao. Akahesabu vizazi kimoyomoyo, halafu akapiga goti majini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umenenepa."

"Wewe ni nani wetu?"

"Kwandu. Dada yake Shimba. Njaa ilipobana alinipeleka kwa watu wa msafara. Wakampa vikapu viwili vya mtama."

Shangazi akauliza kama ule mtama ulikuwa mzuri.

"Ulikuwa na wadudu," alisema Kwandu.

"Naomba jina lako, bibi," alisema Odeta. "Nitamwita nalo kila siku."

"Lichukue. Huku halina anayeliita."

Odeta alimpokea mwanawe, akamwita Kwandu sikioni. Mtoto alinyonya mpaka akashiba, akalala. Odeta alipoinua macho, benchi lilikuwa tupu na Pius alikuwa ameshaleta dekio. Akamwomba aandike lile jina kwenye kadi. Pius alisema kadi huletwa kutoka mjini zikiwa zimeshachapwa.

Jumapili mtoto alibatizwa Rose Kwandu. Jana yake shangazi alikuwa amemweleza Elias, mkubwa wa ukoo, mambo yote. Elias alimsikiliza mpaka mwisho, akasema siku ya furaha haifai kuharibiwa.

Baada ya chakula kupakuliwa, Elias alisimama sebuleni na soda mkononi, akasimulia habari za Shimba kama anavyofanya katika kila sherehe. Alipofika kwenye vikapu viwili vya mtama, watu wakapiga makofi. Shangazi aliendelea kushika sahani yake.

Kwandu hakulia. Alifumbua macho, na kutoka kwenye kanga yake maji ya ziwa, ya vuguvugu, yakaanza kushuka, yakatanda sakafuni. Odeta alimwita jina lake taratibu, akamgeuza asilowe. Wageni walivua viatu, wakavipanga dirishani, wakaendelea kula.