Pete ya 4417 Isikatwe

Chama cha njiwa wa mashindano kilikuwa na kanuni arobaini na mbili, zote zimetungwa na watu ambao hawajawahi kusafisha banda. Ya thelathini na moja ilisema hivi: njiwa akipotea, mwenyewe anapewa siku thelathini za kumshika mkononi na kumsomea Mwenyekiti namba ya pete kabla ofisi haijafungwa saa kumi jioni. Siku zikiisha, aliyemwokota akate pete na kuituma chamani, njiwa abaki wa yeyote.

Ndiyo maana siku ya thelathini ilimkuta fundi wa kuchomelea vyuma ndani ya basi la alfajiri, kikapu kitupu magotini, akimtukana Mwenyekiti kimoyomoyo kituo hadi kituo.

Njiwa mwenyewe, dume la kijivu namba 4417, hakupotea kwa upumbavu wake. Siku ya mashindano ukungu ulikuwa mzito kama blanketi. Wafugaji wakasema tungoje. Mwenyekiti akatazama saa. Alikuwa na harusi ya kuwahi na shati jipya la kuonyesha. "Fungueni!" Njiwa sitini wakarushwa ndani ya ule weupe, wakarudi kumi na tisa. Mwenyekiti akawahi keki.

Fundi alikuwa na njiwa wengine. Lakini huyu hakuachika. Pete ya njiwa haina kufuli. Kinda akifika siku saba hivi unaunganisha vidole vitatu mbele, kimoja unakilaza nyuma, pete inapita kama soksi ya mtoto. Ukichelewa, mguu umenenepa, haiingii. Ikishaingia haitoki ila kwa koleo. Vidole vya fundi ni vinene kama mipini ya nyundo, kwa hiyo kuvisha pete ilikuwa kazi ya mkewe kwa miaka ishirini na sita. 4417 ndiyo ya mwisho aliyovisha. Kisha akalazwa, na daktari mkuu alikuwa kwenye semina.

Dume huyo alifundishwa kwa mtindo ambao wafugaji wanauita ugane, kama wa mume aliyefiwa na mke: unamtenga na jike wake wiki nzima, siku ya mashindano unamwonyesha dakika tano tu, halafu kikapuni. Atarudi mbio kama amewashwa moto mkiani. Wakubwa wa chama waliupitisha kwa kura, wakapiga na makofi. Ugane wa fundi ulikuja bila kikao.

Basi likaharibika mara mbili. Saa tisa na nusu ndipo fundi alipoingia uani mwa hospitali ya mbali, akafuata harufu ya sabuni mpaka chumba cha kufulia. Mwanamke mnene mwenye aproni alikuwa akitoa mashuka kwenye mashine.

"Mzee, wagonjwa mlango wa mbele."

"Mimi si mgonjwa. Nimemfuata njiwa wangu."

Dobi akatua kapu lake chini. "Ahaa! Karibu mkwe! Mwanao kamwoa binti yangu, hata hodi hakupiga."

"Kamwoa nani? Nyumbani ana mke!"

"Basi hakusema. Huwa hamsemi."

Alimwonyesha juu ya tangi la maji ya moto. Ndani ya kreti la sabuni lililovunjika, juu ya foronya chakavu, bingwa wa kilomita mia tano alikuwa amejibweteka juu ya mayai mawili. Binti mwenyewe alikuwa dirishani, njiwa wa jalalani mwenye madoa, kidole kimoja hana.

"Bosi wenu kanipigia mara nne leo," dobi alisema, akichomoa koleo kwenye mfuko wa aproni. "Nilipokuwa natafuta mwenye njiwa, wiki mbili hawakupokea simu. Kukata ndiyo wana haraka."

"Walipopokea wakaandika kwenye karatasi, katibu akaenda nayo likizo. Mimi nimeambiwa jana."

"Ndio walewale. Hapa nimeomba mashine mpya, wameniletea kalenda."

Fundi akanyoosha mkono. Dume likamchapa bawa, likamdonoa kidole gumba.

"Zamu yake hiyo," dobi alisema. "Anaingia saa nne asubuhi, anatoka saa kumi, mkewe anapokea. Hakosi. Ningekuwa na wafanyakazi wawili kama huyo!"

"Lazima nimshike. Nahitaji dakika moja tu."

"Ya saa, au ya chama chenu?"

Hata hivyo alichomoa taulo lenye joto kwenye mashine ya kukausha, na fundi alipomnyanyua dume, yeye akayafunika mayai. Fundi akaibana miguu kati ya vidole viwili, gumba juu ya mabawa. Dobi akapiga simu, akamshikia sikioni.

"Niko naye mkononi, Mwenyekiti. Elfu nne mia nne kumi na saba."

"Saa kumi imepita, fundi."

"Hapa ukutani ni kumi kasoro dakika tatu."

"Inayohesabika ni saa ya chama."

"Ndiyo ile iliyokwambia ukungu umetoka?"

Dobi akaivuta simu kwake. "Bosi, koleo ninalo mimi, na shahidi ni mimi. Namba imesomwa. Sikati."

Kule upande wa pili mtu alisikika akipekua karatasi. "Haya, imeandikwa," Mwenyekiti alisema, kama anatemeshwa jino. "Amrudishe leoleo basi!"

Simu ikakatwa. Fundi akabaki na dume mkono wa kushoto, kikapu wazi mkono wa kulia. Akaisogeza pete kwa ukucha. Ilizunguka vizuri mguuni, haibani, haichezi.

"Ukimchukua," dobi alisema, "yule atakalia zamu zote mbili. Siku mbili atavumilia, ya tatu njaa itamtoa. Sikupangii, mkwe. Nakwambia tu."

"Yana siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

Fundi alimtazama dume. Kutengwa lilitengwa kwa kura, kupotea likapotezwa na harusi ya mtu, na sasa amri nyingine: leoleo. Akakifunga kile kikapu kwa goti.

"Mwenyekiti na aje amchukue yeye," alisema, akaondoa taulo. Dume likaingia kwenye kreti, likayapanga mayai kwa mdomo, likakaa. Hata kumtazama halikumtazama.

"Nitamfuata makinda wakisharuka."

"Basi lako la kurudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Basi hapa hakuna anayekaa bure." Dobi akamtupia ncha mbili za shuka lenye joto. Fundi akavuta, akakunja upande wake kushoto, dobi akakunja kulia, shuka likajisokota katikati kama kamba.

"We mzee! Kwako mlikuwa mnakunja vipi?"

"Alikuwa anakunja yeye. Mimi nashika."

Dobi akalikung'uta likanyooka. "Haya, shika."