Watu wa Annick

Basi lilimshusha Nabintu katika uwanja mdogo wa kijiji cha Montréjac, likageuka, likaenda zake, likamwacha na masanduku mawili na kimya. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa Julai, na jua la kusini mwa Ufaransa lilikuwa halina mzaha. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Duka la mikate limefungwa, baa imefungwa, hata mlango wa kanisa umefungwa.

Kwao Ntinda, jijini Kampala, ambako aliuza bugali na sombe, kisamvu cha Kikongo, kwenye mgahawa wake mdogo, saa nane ni saa ya honi. Mtu akishuka mahali na sanduku, kabla halijagusa chini waendesha bodaboda wamekwisha kumwita mama, dada na shangazi, na mmoja wao ameshalikamata. Hapa hakukuwa na mbwa hata wa kumbwekea.

Alikuwa amekuja kumwoza binti yake. Annick alikuwa muuguzi huko Montpellier, na mchumba wake, Valère, alikuwa kijana wa Kikongo aliyekulia Marseille. Baba yake Valère, Mzee Guerschom, aliondoka Bukavu zamani, lakini mila hakuiacha kule. Kesho, Jumamosi, angekuja na ndugu zake kupiga hodi nyumbani kwa bibi arusi. Annick alikaa chumba kimoja na rafiki yake, na chumba kimoja hakipokei wakwe. Ndipo akakodi nyumba ya likizo kwa wiki moja, yenye bustani na vitanda vinane, ili watu wake watakaotoka Kampala wapate pa kuitwa kwao.

Watu hao walikuwa wawe wanane. Mdogo wake Nabintu, Jean-Claude, angekuwa msemaji wa familia. Kisha mashangazi, kisha binamu. Waliomba viza pamoja, akapata mmoja.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi ndani ya ndege. Binti anayetolewa na mtu mmoja, wakwe humtazama kama aliyeokotwa njiani, na siku ya ugomvi humwambia hivyo. Nabintu alikuwa amevuka mpaka kutoka Kongo na mtoto huyo mgongoni, mumewe akiwa amemzika nyuma. Kila kitu kingine angevumilia. Mwanawe kuambiwa hana watu, hapana.

Lakini kwanza nyumba yenyewe. Annick alikuwa zamu hospitalini mpaka jioni, simu amezima. Mwenye nyumba naye hakupokea. Basi Nabintu akafanya kama watu wanavyofanya Kampala, ambako hakuna anayetafuta nyumba kwa namba. Unafika karibu, unampigia anayeijua njia, kisha simu unampa mtu wa kwanza uliyemwona. Wao wanaelewana, wewe unafuata.

Mtu wa kwanza alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, anasugua pipa kwenye gereji iliyokuwa wazi. Nabintu alimsalimia kwa Kifaransa, akamuuliza hali, akamuuliza nyumbani hawajambo, akampa pole ya kazi na ya joto. Kisha akamnyooshea simu.

Mzee aliipokea kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

"Halo?" alisema.

"Shikamoo, baba," ilisema sauti kwa Kifaransa cha heshima. "Mimi Jean-Claude, niko Kampala. Huyo hapo ni dada yangu, amepotea kidogo."

"Kampala ipi?"

"Ya Uganda."

"Na wewe ndiye unayejua njia?"

"Nina ramani hapa mbele yangu. Mpite kushoto baada ya kanisa."

"Kushoto baada ya kanisa ni makaburini."

Jean-Claude aliitazama ramani tena. "Basi hapo msipite kwa sasa," alisema.

Mzee alicheka mpaka akaegemea pipa. Jina lake lilikuwa Fernand, na alikuwa amelima zabibu maisha yake yote. Alivua glavu, akakamata sanduku kubwa kwa mkono mmoja, simu akaibana sikioni kwa mkono wa pili, wakaanza safari. Njia nzima alibishana na Jean-Claude. Ramani ilisema kuna kichochoro. Fernand alisema kilizibwa yeye akiwa bado na meno. Nabintu alifuata nyuma na sanduku dogo, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akajiona yuko mahali panapoeleweka.

Kelele zile zilifungua dirisha moja. Mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi alichungulia.

"Fernand, unagombana na nani?"

"Na Uganda. Njoo usaidie, Odile."

Odile alikuwa amefanya kazi posta ya pale mpaka alipostaafu, na hakukuwa na mlango asioujua. Alipoambiwa ni nyumba ya likizo yenye bustani, alitoka na ndala zake, akasema iko nyuma ya kwake, na kwamba wangemuuliza yeye tangu mwanzo wangekuwa wamekwisha kunywa maji.

Ukutani, kando ya mlango, palikuwa na kisanduku cha chuma chenye tarakimu. Odile alisoma ujumbe wa mwenye nyumba kwenye simu, akabonyeza, ufunguo ukatoka. Alifungua mlango, akasimama pembeni. Nabintu hakusogea.

"Ingia basi, bibie."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Lyon. Nyumba hizi hazina mwenyewe ndani. Unaingia tu."

"Sasa nani atanikaribisha?"

Odile alimtazama Fernand, Fernand akavua kofia yake, akaitazama. Nabintu hakuwa anafanya maringo. Tangu azaliwe hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kuambiwa karibu, na alihisi kuwa akianza leo, na kesho kuna shughuli ya mwanawe, atakuwa anaikanyaga bahati kwa kiatu. Odile alifikiri kidogo. Kisha akaingia yeye, akasukuma madirisha yote mpaka mwanga ukajaa, akarudi kusimama ndani ya kizingiti.

"Karibu, madame," alisema. "Karibu nyumbani."

"Asante, mama," alisema Nabintu, akaingia.

Baada ya hapo walikuwa wafungwa wake. Aliyekuonyesha nyumba haondoki mdomo mkavu, si Bukavu, si Kampala. Aliwachemshia chai ya tangawizi, akafungua karanga alizokaanga mwenyewe, na wakiwa mezani akawaeleza kilichomleta.

"Kesho wanakuja wangapi?" aliuliza Fernand.

"Kumi na wawili, labda na zaidi."

"Na upande wenu?"

"Mimi. Annick yumo, lakini bibi arusi anakaa ndani mpaka aitwe. Na Jean-Claude atasema kwa simu."

Nje kipanga alilia mahali fulani. Nabintu aliizungusha glasi yake mezani. Alikuwa anamkumbuka Joska, jirani yake wa Ntinda, ambaye mwaka uliopita alimtoa binti yake na ndugu wengi hawakufika. Rosebella, Mkenya wa duka la pembeni, Mluya wa Bungoma, alifunga kitenge akakaa mbele kama shangazi, na alikuwa shangazi mkali kuliko wote. Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali. Hilo lilisemwa kanisani na likafanywa mtaani.

"Kesho mna nafasi?" aliuliza.

"Tufanye nini?" alisema Odile.

"Mkae. Mle. Mkiulizwa, mseme mko upande wetu."

"Na upande wetu unataka nini?" aliuliza Fernand.

"Upande wetu haumtoi mtoto kwa urahisi."

"Hilo naliweza. Nimewauzia zabibu madalali miaka arobaini."

Annick alifika jioni, amechoka, akamkumbatia mama yake mpaka wote wawili wakatokwa na machozi, wakacheka. Alipoambiwa habari ya wajomba wapya, alikaa chini.

"Mama, humjui Mzee Guerschom. Ataona tumemfanyia maigizo. Bora akukute peke yako kuliko kukukuta na Wazungu wa kukodi."

"Sijamkodi mtu. Nyumba ndiyo ya kukodi."

"Atauliza ni nani."

"Akiuliza nitamwambia."

"Na akikasirika?"

Nabintu aliendelea kuosha sombe aliyoileta imekaushwa. "Basi atakasirika ameshiba," alisema, ingawa moyo wake haukuwa mtulivu kama mikono yake.

Asubuhi Odile hakuja peke yake. Alikuja na wenzake watano wa kwaya, na yule mwoka mikate, ambaye duka lake lilikuwa limefungwa jana, akaja na kapu la mikate na mkewe. Nabintu aliwatandikia mabenchi kivulini, akafungua sanduku kubwa, akatoa vitenge alivyoleta viwe zawadi. Kila mama alifungwa kimoja kiunoni. Fernand alikataa kiunoni, akakubali begani.

Simu iliegemezwa kwenye jagi mezani. Ndani yake Jean-Claude alikuwa amevaa suti, amekaa mgahawani Ntinda, na nyuma yake Rosebella na Joska walikuwa wakisukumana wapate kuonekana.

"Yaya," alisema Jean-Claude, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao, "tuoneshe chakula."

"Nyamaza. Wanakuja."

Wakwe walichelewa kwa sababu ya kutafuta pa kuegesha magari. Waliingia bustanini kwa mstari, wanaume kwa suti, wanawake kwa vitambaa vya bei, na mbele yao Mzee Guerschom, mrefu, mwembamba, na fimbo aliyoishika zaidi kuliko alivyoiegemea. Msemaji wao alikuwa kijana wa Marseille, akasema kwa Kifaransa maana Kiswahili kilimpotea barabarani.

"Tulikuwa tunapita," alianza, "tukaona ua zuri katika nyumba hii. Tumekuja kuuliza kama tunaweza kulichuma."

Jean-Claude alijinyoosha, akakohoa, akafungua mdomo. Picha ikaganda hapo hapo, mdomo wazi. Umeme wa Ntinda ulikuwa umekatika, na mtandao ukakatika nao.

Walisubiri. Mdomo ulibaki wazi. Mzee Guerschom aliiacha simu, akaanza kuyatazama mabenchi, mtu mmoja baada ya mwingine: nywele nyeupe, vitenge, mwoka mikate na unga wake kwenye nyusi.

"Mama Annick," alisema kwa Kifaransa, wote wasikie. "Hawa ni nani?"

Mama wa bibi arusi hasemi siku hiyo. Nabintu alilijua hilo vizuri, na akasimama.

"Baba, sitakudanganya. Tulikuwa tuje wanane, nimefika mmoja. Jana mchana kijiji hiki sikumjua mtu. Huyu alinibebea mzigo. Huyu alinikaribisha ndani. Hawa wengine wamekuja kwa sababu walisikia kuna mtoto anatolewa na hana watu wa kutosha. Kama wewe unaona si watu, niambie mimi. Wao usiwaambie."

Dirishani, Annick alilisogeza pazia kidogo apate kuona. Mzee Guerschom alihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda wa pili. Valère alitazama viatu vyake.

Hapo Fernand akainuka, kitenge begani.

"Samahani," alisema. "Bwana ameuliza sisi ni nani, sawa. Lakini sisi tuko kwetu, wao ndio waliokuja. Wao ni nani? Halafu tuliambiwa saa sita. Sasa ni saa sita na nusu. Mtu anayetaka ua la watu huja kwa wakati."

Fernand hakujua kwamba hayo ndiyo maneno ambayo mjomba hutakiwa kusema, na kwamba tangu mila ianze hakuna wakwe waliowahi kufika kwa wakati wala wajomba waliowahi kuwasamehe. Alikasirika tu kama mkulima.

Mzee Guerschom alimkazia macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Tutozeni faini," alisema.

Fernand alimgeukia Odile. Odile hakusita. "Waimbe," alisema. "Wakiwa wamesimama. Wakiimba vibaya warudie."

Wakaimba, wakiwa juani na suti zao, wimbo wa kanisani wa kwao. Waliimba vizuri, lakini Odile aliwarudisha mara moja ili wasizoee. Mara ya pili kwaya iliingia na sauti ya chini, bila maneno, na mama mmoja wa Marseille akavua viatu acheze.

Baadaye, walipokwisha kukalishwa, Annick akaitwa nje, akatazamwa, akapigiwa vigelegele, Mzee Guerschom alivuta kiti karibu na Nabintu.

"Nina miaka thelathini katika nchi hii," alisema kwa Kiswahili, polepole. "Jirani yangu wa mlango wa pili simjui jina. Wewe umefika jana."

"Nilipotea tu, baba."

"Hapana," alisema mzee. Aliinua sauti kidogo, ndugu zake wasikie. "Mtoto huyu ana watu. Asije mtu kuniambia vingine."

Nabintu alishukuru kwa kichwa. Alikwenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria kwa muda, akiupa mlango mgongo, kisha akafuta macho kwa pindo la kitenge na kuanza kupakua.

Walikuwa kwenye sahani ya pili simu iliporudi. Ntinda umeme ulikuwa umewaka, na Jean-Claude, macho kwenye karatasi, hakuwa amejua kwamba hasikiki. Alikuwa anamalizia hotuba yake, jasho linamtoka.

"Na kwa hiyo," alisema kwa uzito, "familia yetu imekaa, imefikiri, na haimtoi."

"Tumeshamtoa," alisema Fernand, mdomo umejaa sombe.

Nyuma ya Jean-Claude, Rosebella alisikika akicheka mpaka akatoka kwenye picha. Jean-Claude alitazama karatasi yake, akatazama meza ile ndefu na watu wake, vitenge na suti vimechanganyika.

"Angalau mlimtoa kwa shida?" aliuliza.

"Kwa shida sana," alijibu Mzee Guerschom, akasogeza sahani yake aongezwe.