Amin ya Muuza Halua

...na ile amin ikamtoka nzima nzima, nene, ndefu, kama alivyozoea kuitoa kwenye hitima za Chumbageni, ikapita juu ya vichwa vya watu chini ya turubai, ikafika mbele peke yake, hapana nyingine iliyoifuata, na hapo ndipo Harub alipoanza kusikia, kwa kuchelewa, alichokiitikia, kwani Sheikh Badru alisema nini, alisema, na hawa wenye maduka ya chini ya jengo hili watakaohama kupisha makumbusho haya, Mola uwape wepesi wa kuondoka... amin, mikono juu, viganja vimekunjuliwa kama anayekinga mvua, muuza halua mzima na ndevu zake ameomba kwa sauti kubwa afukuzwe. Shingo zimegeuka. “Baba Muntasir,” ananong'ona Anastazia wa maandazi, jirani yake wa duka na sasa jirani wa kiti cha nyuma, “si tulisema mtu asiitike?” Walisema, naam, juzi tu, barazani kwa huyo huyo Harub, wakila halua ya bure ya huyo huyo Harub, kwamba leo wenye mradi wasipate hata kikohozi cha kusema wenyeji wameridhia, na aliyetoa shauri, akalipigia na meza, ni nani kama si yeye, lakini angefanyaje, akili ilikuwa dukani, kwenye sufuria la shaba, sukari isije ikashika chini, na sauti ya sheikh ikishuka vile mwishoni kinywa kilicholelewa chuo cha Kurani hakingoji ruhusa ya masikio... “Wewe na mdomo wako,” anasema Anastazia, taratibu, bila hasira, na afadhali angekasirika. Dua inaendelea, warehemu waliotutangulia, sasa wanaitika wote, amin, na mikono haishuki mpaka dua ifungwe, kwa hiyo anabaki hivyo hivyo kama mwizi aliyemulikwa, na pembeni yake Bwana Castory, msimamizi wa mradi, amefumba macho na kufumbata vidole kwa namna ya kanisani kwao, ila shavu moja linacheka. Kijana mpole huyu, alikuja dukani na kamera, mzee koroga kama hujaniona, cheka kidogo, naye akacheka, alikimbia hata kubadili kofia, akamfungia na halua ya zafarani ya kupeleka nyumbani, na cheko lenyewe ndilo lile kule, limetundikwa ukutani mwa jengo kwenye kitambaa kirefu kuliko mlango, Harub na mwiko wake na pengo lake, chini yake herufi nene, WAPIKA HALUA WA ZAMANI, zamani ipi, moto si ameuwasha leo asubuhi, moshi si ndio huo unaosemwa utachafua kuta... upepo unaingia nyuma ya kitambaa, uso unavimba, unabonyea, unavimba, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida. Na ile alama nyekundu ya X mlangoni kwake, aliikuta mbichi, rangi bado inachuruzika, akawaambia wateja mwalimu amepita kumkosesha hesabu, wakacheka, yeye akacheka kuwashinda, ndiyo kazi yake, hata kwenye meli alikokuwa mpishi, Durban, Karachi, Hamburg... Hamburg, hebu, makumbusho ya Hamburg, aliingia kukimbia baridi tu, akaikuta ndani ya kioo mbuzi ya kukunia nazi, ni kama ya mamake kabisa, meno yamelika upande mmoja vile vile, akacheka mpaka mlinzi akaja kumnyamazisha, na kisa hicho amekisimulia kila bandari, wazungu wameifungia mbuzi ya mama watu wasije wakaikalia, watu hoi, na katika kusimulia kote huko hakuwahi kujiuliza yule mwanamke aliyekuwa akiikalia alikwenda wapi, alikuwa na jiko, alikuwa na watoto wa kupikia wali, siku walipokuja kuichukua walimwambia nini, walikuja na maneno mazuri, walimpiga picha, naye, alicheka? Nyuma, maduka yote ya mtaa yamekaa kama watu wanaosubiri jeneza litoke ndani, mtu anasogeza kiti mbali na chake, kidogo tu, na Sheikh Badru anasema al-fatiha, midomo inaanza kutembea, ya Harub pia, inakwama aya ya pili, aya anayoijua kuliko jina lake, kitambaa kinavimba, kinabonyea, lile pengo linamtazama, na mikono ikiwa bado juu anainamisha kichwa kando, “Bwana Castory, mwanangu, tukihama, nami nitakorogea wapi?” Castory hafumbui macho.

“Picha tunayo, mzee. Inatosha.”