Dakika Nane kwa Nduta

Mimi si mtu wa kupekua simu ya mume. Lakini ikilia ukiwa umeishika, ufanye nini, ufunge macho? Ujumbe ulitoka kwa mtu anaitwa Nduta: "Leo umevumilia dakika nane. Usione haya. Alhamisi ijayo tutaenda polepole mpaka uzoee."

Azoee nini? Woi! Nilisoma mara tatu, na kila mara damu ilinipanda kichwani.

Hata kabla ya hapo nilikuwa na maswali yangu. Tangu dume la ng'ombe limrushe juu pale soko la Bisil mwezi wa nne, mume wangu Koinet hakuwa mtu wangu tena. Mbavu zilipona, lakini zizini haingii. Anasimama nje na fimbo yake, anamtuma mchungaji. Mnadani, yeye dalali wa ng'ombe anayejulikana mpaka Namanga, siku hizi anafanya kazi kwa simu. "Mgongo," ananiambia. Lakini Alhamisi mgongo hauumi! Alhamisi anaoga, anavaa shati la kanisani, anaenda Kitengela, na anarudi amechoka kama mtu aliyelima kutwa, analala bila kula. Baba Soipan, miaka kumi na tano nimekupikia, leo unanifanya mjinga?

Sikumwuliza. Nilimwendea kaka yake, Sankale, kwa sababu nilitaka shahidi wa upande wao, wasije wakasema Naisenya anaota. Sankale ana mdomo mkubwa. Anachojua asubuhi, soko lote linajua kabla ya saa sita. Siku hiyo hilo ndilo nililotaka.

Alhamisi tulimfuata na gari la kuazima mpaka Kitengela, akaingia jengo moja nyuma ya duka la simiti. Nikamwambia Sankale angoje chini. "Nikiita, panda." Nilipanda peke yangu, nikasukuma mlango bila kubisha.

Koinet alikuwa amesimama katikati ya chumba. Miwani kubwa nyeusi, nene kama tofali, ilikuwa imemfunika nusu ya uso. Shati limelowa jasho. Mikono alikuwa ameinyoosha mbele, na msichana mmoja alikuwa ameketi mbali naye kwenye kompyuta.

"Mama, hapa huwezi kuingia," akasema.

"Wewe ndio Nduta? Umemfanya nini mume wangu?"

Hapo nikakiona kioo cha kompyuta. Kulikuwa na zizi, na ng'ombe mmoja anakuja polepole, kichwa chini. Na Koinet wangu alikuwa analia.

"Mtoe," alikuwa anasema. "Nduta, tafadhali, mtoe."

Msichana akabonyeza kitu, ng'ombe akasimama. Koinet akavua miwani, akaniona.

"Mama Soipan." Aliketi sakafuni. "Siwezi kuwakaribia. Nikisikia kwato tu, pumzi inakata. Hawa ni wa picha tu ndani ya miwani, lakini mwili haujui. Ananizoesha kidogo kidogo, ndio nirudi kazini."

"Anaendelea vizuri," Nduta akasema. "Mwanzoni hakumaliza hata dakika moja."

Nilitaka kucheka, halafu nikajionea aibu. Mume wangu anaogopa ng'ombe! Mmaasai, tena dalali! Nani atampa mnyama wake auze? Na wale ng'ombe wa marehemu baba yao alioachiwa Koinet, Sankale anawamezea mate siku nyingi.

"Umekuja na nani?" akaniuliza.

Viatu vilikuwa tayari vinasikika kwenye ngazi. Sankale alikuwa amechoka kungoja.

Nilitoka mbio, nikafunga mlango nyuma yangu, nikauegemea.

"Umemkuta?"

"Nimemkuta."

"Na mwanamke?"

Nilimwangalia usoni. "Na mwanamke. Usiingie, shemeji. Hawajavaa."

Sankale akarudi ngazi moja nyuma, kisha akaangua kicheko. "Kumbe! Na mimi nilidhani ni mgonjwa! Twende nyumbani, shemeji. Wanaume ndio sisi."

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nililia, machozi ya kweli, naye akanipatia leso yake.

Kufikia saa kumi, Bisil yote ilikuwa na habari. Mpaka leo wanawake wananisimamisha sokoni, wananishika mkono, wananipa pole kwa sababu ya yule mwanamke wa Kitengela. Nami nawaambia asante.