Kuku wa Sabato

Mwaka wa 1969 bendi moja ilikuja Keumbu siku ya soko, juu ya lori la Salat, mfanyabiashara wa Kisii mjini. Vijana wanne, magitaa matatu ya umeme na ngoma, waya zote zikinyonya betri ya lori. Mwimbaji hakuwepo. Sisi wauza ndizi tulimngoja aanze mpaka tukachoka, na mmoja wetu akauliza kama wamemsahau njiani alipoteremka kukojoa.

Mimi nikafumba macho. Sinema nilikuwa nimeiona mara moja tu, ile ya gari la serikali, kwenye shuka nyeupe. Sasa nikaona nyingine bila shuka. Gitaa moja lilikuwa mvua ikishuka mlima wa Manga. Jingine lilikuwa farasi akikimbia, na farasi sijawahi kumwona. Lile nene lilinguruma kama obokano, zeze kubwa la babu yangu. Nilipofumbua macho, mbuzi alikuwa amemaliza nusu ya mkungu wangu.

Mpiga gitaa la mbele aliitwa Nyangau, wa Nyamarambe. Mwembamba, masikio kama sufuria. Nilimpenda kuanzia masikio. Kila siku ya soko nilimweleza nimeona nini ndani ya muziki wake, naye akasema mimi ndiye wa kwanza kutomwuliza maneno yako wapi.

Kisha wakapata kazi Kampala, waondoke Jumamosi.

“Nimekutungia moja,” Nyangau akaniambia. “Msichana anateremka mlima. Nitaipiga mwisho, jua likizama. Ukifika kabla haijaisha, sipandi lori. Baba yangu atakuja kwenu kuongea mambo ya ng’ombe.”

“Na nisipofika?”

“Nitajua umekataa. Sitakusumbua.”

Sasa, sisi ni Wasabato. Kwetu hakuna aliyetoka Jumamosi kabla ya jua kuzama, ila kwenda kanisani, na saa hatukuwa nayo. Siku ya mawingu mama yangu, Nyamoita, alitazama kuku: wote wakishaingia kulala, Sabato imekwisha. Jumamosi ile mawingu yalikuwa yamekalia paa.

Nikajifanya mjanja. Nikazunguka nyuma ya nyumba na kijiti, nikaanza kuwasukuma kuku waingie mapema. Wanne wakaingia. Jogoo akagundua hila yangu, akapiga kelele, wote wakatoka na kutawanyika kwenye migomba.

Mama akasimama mlangoni. “Gesare, kuku wamelala?”

“Wanakaribia, mama.”

“Basi na Sabato inakaribia.”

Ndipo gitaa likaanza kule sokoni, bondeni, na nikamjua yule msichana mara moja. Alishuka mbio, akateleza kwenye tope, akacheka, akashika njia tena. Alipokaribia chini muziki ukapungua, ukasita, halafu ukarudi mwanzo. Nyangau alikuwa ananirudisha juu ili niteremke upya. Alifanya hivyo mara tatu. Leo ningekimbia. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na minane, sijawahi kumvunjia mama Sabato, na nje walibaki kuku wawili tu.

Mara ya tatu msichana alisimama katikati ya mlima. Kukawa kimya.

Kuku wa mwisho alipoingia, mama alifunga Sabato kwa maombi. Aliwaombea wagonjwa wote wa Keumbu, kila mmoja kwa jina.

Nilipofika sokoni nilikuta alama za magurudumu, zimejaa maji.

Nilimpa Salat barua. Alienda nayo Kampala mara mbili, akarudi nayo. Wanabendi walikuwa wametawanyika, hakuna aliyejua walikoelekea.

Baadaye niliolewa na Ombui huku Nyacheki. Ni mtu mwema, na masikio yake ni ya kawaida. Jumamosi jioni mvua ikitanda juu ya majani ya chai, mimi hufumba macho, msichana akaanza kushuka. Hajawahi kufika chini.

Ombui huniuliza ni mke gani wa Kikisii asiyefuga hata kuku mmoja. Namwambia kuku wananiwasha.