Maji ya Jumatatu ya Pasaka

Jumatatu ya Pasaka, saa moja kasoro robo asubuhi, Peninah alikuwa amesimama jikoni, ghorofa ya kumi na tisa katika mji wa jangwani wa Lusail, akimenya mayai yaliyobaki jana, Mama Halina alipoingia na kikombe cha maji akammwagia kichwani.

"Śmigus-dyngus!" alisema ajuza huyo, akacheka mpaka akashika meza.

Mama Halina alikuwa mama mzazi wa mwajiri wa Peninah, injinia Mpolandi, na alikuwa amekuja kukimbia baridi ya kwao. Kiingereza chake na cha Peninah kilikuwa cha kuungaunga, lakini kwa miezi miwili kilikuwa kimewatosha. Ajuza alimpa taulo, akavuta kiti, akamweleza.

Kwao, siku hiyo watu humwagiana maji. Zamani zilikuwa desturi mbili. Moja ilikuwa kuloweshana na kuchapana miguuni kwa vijiti vya mti wenye machipukizi laini kama manyoya ya paka. Nyingine ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kudai mayai, na asiyetoa yai analoweshwa. Baadaye zikaungana zikawa moja. Padri wao alikuwa akisema ni ukumbusho wa mtawala aliyebatizwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nyanya yake alikuwa akisema mambo haya yalimtangulia padri, na kwamba kazi ya maji hayo ni kuutoa msimu wa baridi mwilini.

"Msichana aliyeshinda mkavu alilia," Mama Halina alisema. "Maana yake hakuna anayemtaka. Mimi sikubaki mkavu hata mwaka mmoja."

"Wangu mimi yuko Sanaiya," Peninah alisema. "Hata akitaka kunimwagia, maji atatoa wapi?"

Mumewe, Mutai, alikuwa mlinzi, na kampuni ilimlaza katika kambi huko Sanaiya, eneo la viwanda, watu wanane chumba kimoja. Pampu ya kambi iliharibika Februari. Lori la maji lilikuja mara mbili kwa wiki, na katikati ya hapo wanaume walioga kwa chupa moja ya maji ya kunywa. Wanawake hawakuruhusiwa kupita geti. Kila Ijumaa Peninah na Mutai walisimama nje ya duka lililo mkabala, wakaongea kama watu wanaosubiri basi, kisha Peninah akarudi Lusail.

Kufikia saa tatu nywele zake zilikuwa zimekauka na mvua ilikuwa imeanza. Ilinyesha hatua mbili nyuma yake, mahali pa ukubwa wa meza ya watu sita, mvua ya kiasi, ya kupandia mahindi. Akitembea, ilimfuata; akisimama, ilinyesha papo hapo. Mke wa injinia alimwomba aiache roshani akiwa kazini, na Peninah akaiacha. Mimea ya roshani ilifurahi.

"Kwetu hukauka kufikia adhuhuri," Mama Halina alisema, akiitazama kupitia kioo. "Labda hewa ya huku kavu sana, imeona isikuache."

Ijumaa Peninah aliposhuka, mvua ilishuka naye. Khalfan wa Zanzibar, mlinzi wa mlangoni, aliinuka, akaleta kibao cha njano cha kuonya watu wasiteleze.

"Habari za asubuhi, dada. Pita tu, lakini usisimamesimame hapa, marumaru hii haina huruma."

Dereva wa basi alimpa kiti cha mwisho, mvua ikafuata nje, ikiosha barabara hadi Sanaiya.

Mutai alikuwa tayari kando ya duka, shati limepigwa pasi, shingo ina vumbi. Aliangalia mvua, akamwangalia mkewe.

"Mama Chebet, hiyo ni yako?"

"Ni yangu."

"Ni safi?"

"Onja."

Akanyoosha kiganja, akanywa, kisha akapiga mluzi kuelekea kambini. Wanaume walitoka na ndoo, mabeseni, sufuria, mmoja na sabuni tayari usoni. Lenny, msimamizi wa kambi, alitoka pia. Hakupiga kelele. Alisogeza pipa chini ya mvua, akatazama saa, na lilipojaa akaandika dakika kumi na moja. Kisha akatoa kitabu cha vibali. Kibali cha mwanamke hakikuwepo, kwa hiyo akajaza cha lori la maji. Penye aina ya gari akaandika "Peninah". Penye ujazo akaandika "inaendelea".

Ndivyo Peninah alivyopita geti kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu.

Wiki ya pili lori lilikoma kuja. Wiki ya tatu ofisi kuu ilifuta ombi la fundi wa pampu, kwa kuwa tatizo lilikuwa limetatuliwa. Peninah alikwenda kwa Lenny.

"Na nikiugua?"

"Tafadhali usiugue siku za Ijumaa."

"Na Julai nikienda likizo kumwona mtoto wangu huko Bomet?"

Lenny alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mapipa tunayo arobaini," alisema. "Tutajaza mapema."

Mutai alikasirika kwa niaba yake, akaandika barua ya malalamiko, wakaisaini watu mia moja na sita. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri.

Lakini Ijumaa zilikuwa nzuri, na Peninah hakuona sababu ya kujidanganya kuhusu hilo. Wenzake Mutai walitoka wote saba kwenda kufua, wakawaachia chumba. Mutai aliingia akinukia sabuni, maji yakimchuruzika masikioni, wakala ugali na sukuma juu ya kitanda cha chini, magoti yakigusana. Peninah alimsimulia mambo ya mtoto, naye Mutai akacheka kile kicheko chake alichokuwa akikizuia barabarani. Nje mvua ilipiga bati, na wanaume waliitana kutoka bloku hadi bloku.

Saa nane Lenny aligonga mlango taratibu, akauliza bila kufungua kama mvua ingeweza kusogezwa kidogo hadi bloku C.

Peninah alitafuta viatu vyake chini ya kitanda. Mutai akavaa vyake pia, akamshika mkono, wakatoka pamoja, polepole, wakipita mbele ya ile pampu mbovu.